Madoa ya jua na mahindi ya mjomba

Oktoba 2010 nilimpigia mjomba simu nikamwambia apande mahindi shamba zima.

Mjomba analima tambarare ya Same, upande wa chini ambako mvua ikishavuka milima ya Upare inafika imechoka. Ana ekari tatu. Desturi yake wakati wa vuli ni kugawa: mahindi kidogo karibu na mfereji, mtama sehemu kubwa, choroko na kunde pembezoni. Kilimo hajakisomea popote, ila amegawa hivyo tangu nikiwa mtoto, na baba yake aligawa hivyohivyo.

"Mwaka huu weka mahindi kote, mjomba," nikamwambia. "Mvua ipo."

"Nani kasema?"

"Jua limesema."

Akanyamaza kidogo. Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, kwa hiyo heshima inakwenda pande zote mbili na mtu huwa mzito kukataa ushauri. Isitoshe mimi ni mwalimu, nafundisha jiografia na hisabati huku Mwanza, na mwalimu akisema jambo kwa sauti ya darasani, watu wa nyumbani huona kama limeandikwa mahali. Akaweka mahindi kote.

Sikuwa natania kuhusu jua. Nilikuwa nimesoma muhtasari wa utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu Ziwa Victoria. Watafiti walilinganisha kimo cha maji ya ziwa na hesabu ya madoa ya jua, yale mabaka meusi usoni mwa jua ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Walichokiona ni kwamba katika karne ya 20 madoa yalipofika kilele ziwa nalo lilipanda, kwa sababu mvua kubwa zilinyesha kama mwaka mmoja kabla. Kilele kilichokuwa kikisubiriwa wakati ule kilitarajiwa 2011 au 2012. Nikatoa moja.

Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu. Walisema: kama uhusiano huu utaendelea. Hilo "kama" nililiruka mimi, kwa hiyo yaliyofuata ni yangu.

Mvua ilianza Novemba, ya kudanganya. Mahindi yakaota, yakafika magotini, mjomba akapalilia mara moja. Kisha ikakata. Kufikia Januari majani yalikuwa yamejisokota kama sigara, yanagongana kwenye upepo kwa sauti ya karatasi, na katikati ya Februari akawafungulia mbuzi. Mtama kidogo alioupanda jirani yake ulitoa magunia machache. Mjomba hakupata kitu.

Na haikuwa Same peke yake. Vuli ile iligoma Kenya, Somalia, kusini mwa Ethiopia. Masika iliyofuata nayo ikagoma sehemu nyingi. Na Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Mwaka ambao kwa hesabu zangu ulipaswa kufurika ndio ulioua watu kwa ukame.

Mjomba hakunilaumu. Alisubiri mpaka Pasaka, tukiwa tumekaa chini ya mwarobaini, akauliza kwa upole kabisa: "Mjomba, lile jua lako lilisema kwa lugha gani?"

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Nilitaka kujua kama nilikosea hesabu au nilikosea imani.

*

Nianze na ziwa, maana ninalitazama kila siku nikishuka kilima kwenda kazini.

Ziwa Victoria ni kipimo cha mvua chenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Mito inaingiza maji, ndiyo, lakini sehemu kubwa sana, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na karibu kiasi hichohicho hupanda tena angani kama mvuke. Mvua ikizidi kidogo kwa misimu miwili, ziwa linapanda. Ikipungua, linashuka. Waingereza walianza kuandika vipimo 1896, wakiwa upande wa Uganda, na tangu hapo daftari halijafungwa.

Daftari hilo likamfikia C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza. Mwaka 1923 alichapisha kazi iliyoweka mstari wa ziwa juu ya mstari wa madoa ya jua. Vilikwenda pamoja kwa namna ya kushangaza. Madoa yalifika kilele 1906, na ziwa likafika kilele 1906. Madoa 1917, ziwa 1917. Ungekuwa wewe ndiye umekaa London na karatasi hizo mbili mezani, ungelala usingizi kweli? Mimi nisingelala. Hapo una jua, ambalo mzunguko wake unaweza kuukadiria miaka kumi mbele, na una maji ya chanzo cha Nile, ambayo Misri na Sudan zinayategemea. Unachora mstari mmoja na kupewa wa pili bure.

Haikupita miaka mingi uhusiano ukavunjika. Mistari ikaanza kupishana, halafu ikaenda kinyume. Halafu ikaja 1961.

Wazee wa huku wakisema "mwaka wa maji" wanamaanisha vuli ile. Ilianza Oktoba ikapitiliza, wengine wakaziita mvua za uhuru kwa kuwa Tanganyika ilipata uhuru Desemba hiyohiyo. Misimu iliyofuata nayo ikawa mizito. Ziwa likapanda takriban mita mbili na nusu, likafika juu kabisa Mei 1964. Sasa fungua daftari la jua. Kilele kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuhesabiwa kilikuwa 1957 hadi 1958; ziwa halikufanya lolote la kukumbukwa. Na 1964, ziwa likiwa limefurika mpaka kwenye vizingiti vya nyumba, madoa ya jua yalikuwa karibu na sifuri. Mzunguko ulifika chini kabisa Oktoba mwaka huo.

Huwa nawaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chaki. Brooks alikuwa na vipimo vya miaka 26 hivi. Vinasikika vingi, lakini mzunguko ukiwa wa miaka 11, miaka 26 ni vilele viwili na kipande. Ukinunua sangara mara mbili na mara zote mbili mvua ikakunyeshea njiani, una haki ya kucheka, huna haki ya kutabiri. Tena kuna hila ya ziada: ziwa ni zito, haliruki. Likishapanda linabaki juu miaka kadhaa, likishuka linashuka polepole. Vitu viwili vizito vya namna hiyo, ukiviweka sambamba kwa muda mfupi, vitaonekana marafiki hata kama havijuani. Daftari linaonekana lina vipimo mamia, kumbe hadithi tofauti zilizomo humo ni tatu au nne.

(Ziwa lenyewe nalo si shahidi safi. Kati ya 2004 na 2006 lilishuka vibaya, mialo ikabaki mbali na maji, mitumbwi ikawa inaburutwa kwenye matope. Ukame ulichangia, lakini mchango mwingine ulitoka Jinja, Uganda, ziwa linakotokea kuingia Nile, ambako maji yaliachiwa kupita mabwawa ya umeme kuliko kiwango kilichokubaliwa. Ukiweka kipindi hicho kwenye hesabu ya madoa bila kujua hilo, unalipa jua sifa ya mitambo.)

*

Desemba 2019 niliamua kuacha kusoma jua na kulitazama. Nasema kulitazama, ila msimtazame huyu mzee ana kwa ana hata kwa sekunde. Darubini inakula jicho mara moja na halirudi. Nilichofanya ni hiki: nilichukua darubini ya macho mawili, nikaziba jicho moja kwa kifuniko, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, nikaielekeza kwenye jua kwa kufuata kivuli chake, na kwa nyuma nikashika ubao wenye karatasi nyeupe. Unasogeza karatasi mbele na nyuma mpaka duara linakaza ukingo. Linakuwa kubwa kama sarafu ya shilingi 200, jeupe, na linatembea polepole kwenye karatasi kwa sababu dunia inazunguka, jambo ambalo wanafunzi walilishangaa kuliko jua lenyewe.

"Mwalimu, hakuna kitu," mmoja akasema.

Kweli hakukuwa na kitu. Tulijaribu siku nne tulipopata nafasi kati ya mawingu, duara safi kama sahani iliyooshwa. Baadaye wanaohesabu madoa rasmi wakathibitisha kwamba mwezi huo, Desemba 2019, ndio uliokuwa chini ya mzunguko mzima.

Nasema "kati ya mawingu" kwa sababu mvua ilikuwa hainyamazi. Pale mwaloni ninaponunua dagaa, maji yalikuwa yameshaingia kwenye meza za kuanikia, na mama anayetuuzia chai alikuwa amehamisha kibanda mara mbili. Aliweka jiwe kwenye ukingo wa maji kila Jumatatu ili ajue yamesogea kiasi gani. Kufikia Februari mawe yake yote yalikuwa chini ya maji. Mei 2020 ziwa likavuka alama ya 1964. Rekodi mbili kubwa, miaka 56 kati yake, na zote mbili jua likiwa halina madoa.

Hapo ningeweza kufunga daftari na kusema basi, madoa machache ndiyo mvua. Bahati nzuri nilishakuwa na akili. Mei 2024 tuliifunga tena darubini kwenye kiti, na safari hii karatasi ilikuwa imenyunyiziwa pilipili manga. Jua lilikuwa karibu na kilele chake kipya. Na mwezi huohuo ziwa likavunja rekodi tena.

Jua tupu, rekodi. Jua limejaa, rekodi. Katikati, kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, madoa yakiwa yanaongezeka mwezi hadi mwezi, misimu mitano mfululizo ikagoma Somalia, kaskazini na mashariki mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, ng'ombe wakaisha.

Wapo watakaoniambia kilele cha mzunguko uliopita hakikuwa 2011 wala 2012, kilichelewa mpaka Aprili 2014, kwa hiyo hesabu ianzie 2013. Sawa. Lakini utabiri unaosubiri kitokee kwanza ndipo uambiwe ulikuwa unahusu mwaka gani, mjomba hawezi kuutumia. Yeye anahitaji kujua kabla hajanunua mbegu.

*

Kwa nini basi watu wenye akili zao wanarudi angani kila kizazi? Nadhani nalijua jibu, maana lilinipata na mimi. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijaa Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua. Saa ilijulikana miaka mingi kabla, mahali palijulikana, na jua likafunikwa likabaki kama pete, dakika ileile iliyosemwa. Mtu akishaona hivyo, anauliza: anga linaloweza kusemewa ahadi kwa dakika, linashindwaje kutuambia masika ijayo? Swali ni la haki. Ila mwezi na jua vinatembea kwenye utupu, hakuna kinachovisukuma ovyo. Mvua inatengenezwa ndani ya hewa, na hewa ni soko la Kariakoo.

Kinachonifurahisha katika historia hii ni kwamba karibu kila aliyelifuata jua alipata kitu kingine njiani.

Heinrich Schwabe alikuwa mfamasia mjini Dessau, Ujerumani. Kuanzia 1826 alichora uso wa jua kila siku iliyokuwa na anga safi, akitafuta sayari iliyodhaniwa kuwa karibu na jua kuliko Zebaki. Sayari hiyo haipo. Baada ya miaka 17 ya michoro aligundua madoa yana mzunguko. Alijifananisha na Sauli, aliyetoka kutafuta punda wa baba yake akarudi na ufalme.

Kisha India. Njaa ya 1876 hadi 1878 iliua mamilioni, Madras, kusini mwa nchi, ikiwa katikati ya janga. Mwaka 1877 Norman Lockyer, mwanaastronomia maarufu wa Uingereza, pamoja na William Hunter, ofisa wa takwimu wa serikali ya India, waliandika kwamba njaa za Madras zinafuata miaka ambayo jua halina madoa. Ilikuwa habari tamu kwa watawala. Kama njaa inaletwa na jua, hakuna haja ya kuuliza nafaka iliyokuwa inasafirishwa kwenda Ulaya wakati watu wanakufa inatoka wapi. Hapo huwa nasimama kidogo. Nyota zikitumiwa kueleza ukame, kuna mtu fulani ambaye hataulizwa maswali.

Mwaka 1904 Gilbert Walker, mwanahisabati, akapewa kazi ya kuongoza idara ya hali ya hewa India na kutabiri masika yao. Alikuwa na makarani wengi, wakakokotoa kwa mkono uhusiano wa mvua na kila kitu walichokuwa na takwimu zake, madoa ya jua yakiwemo. Madoa yalitoka dhaifu. Lakini kwenye lundo lile la hesabu Walker akaona bembea: mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Pasifiki, unashuka upande wa Bahari ya Hindi, na ukishuka kule unapanda huku. Bembea hiyo ndiyo nusu ya hewani ya kile tunachokiita leo El Nino na La Nina; nusu ya baharini ni Pasifiki kupata joto (El Nino) au kupoa (La Nina). Alikuwa anatafuta dawa ya masika ya India, akatuachia sisi chombo bora zaidi tulichonacho cha kuijua vuli.

Na Marekani kulikuwa na Andrew Douglass, mwanaastronomia wa Arizona, aliyeanza kukata vipande vya misonobari akitumaini pete zake zitamwonyesha mzunguko wa jua. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa ujuzi mzima wa kusoma pete za miti. 1929 alitumia pete hizo kuyapa umri magofu ya vijiji vya kale vya jangwani, na ndani yake ikaonekana kwamba eneo hilo lilikaukiwa miaka 1276 hadi 1299. Nisiwe mkali kupita kiasi: 1979 watafiti wengine, kwa pete hizohizo za magharibi mwa Marekani, waliona eneo lenye ukame likipanuka na kusinyaa kwa takriban miaka 22, ambayo ni mizunguko miwili ya jua. Huo ndio ushahidi mzuri zaidi niliowahi kukutana nao. Lakini hata huo unakuambia eneo kwa jumla lilikauka kiasi gani, haukuambii shamba la nani.

Tatizo kubwa ni nguvu. Kati ya jua tupu na jua lenye madoa mengi, tofauti ya nguvu inayotufikia ni kama asilimia 0.1. Tena, tofauti na unavyodhani, jua lenye madoa ndilo linalong'aa kidogo zaidi, kwa sababu kando ya madoa kunakuwa na mabaka angavu yanayofidia. Asilimia 0.1 si sifuri. Inaweza kugusa hewa ya juu, inaweza kuongeza mguso kidogo baharini. Lakini bahari yenyewe ikiamua kugeuka, inageuka kwa nyuzijoto moja au mbili upande mzima, na sauti ya jua inazama humo kama mbu kwenye harusi ya taarabu.

Mwezi nao una mzunguko wake wa miaka 18.6, na wapo walioufungamanisha na ukame. Unabadilisha kweli kimo cha maji kujaa na kupwa, hilo linapimika ufukweni. Kuhusu mvua sijaona cha kunishawishi.

*

Mke wangu ni mtu wa Pangani. Nilipomsimulia haya yote, alinijibu kwa methali ambayo bibi yake aliizoea: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kilimia ni kile kifungu cha nyota ndogo zilizobanana. Watoto wenye macho mazuri wanahesabu sita. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Karibu na Mei kinapotea magharibi baada ya machweo, kinafichwa na jua kwa wiki kadhaa, kisha kinachomoza upya mashariki alfajiri za Juni. Watu wa Pwani walikifuata kama walivyoifuata Nairuzi na miongo yake ya siku kumi kumi: upepo utageuka lini, chombo kitoke lini, jembe liingie lini. Hiyo ni kalenda, na kama kalenda nyota hazina mpinzani. Zitakuambia masika huwa inakuja lini. Kwamba ya mwaka huu itakuja na maji kiasi gani, hapo ndipo methali inajaribu kitu zaidi. Inasema mvua iliyokosekana kwa wakati wake ni deni.

Niliichukulia kama mashairi mpaka niliposoma habari za wakulima wa viazi wa Andes, Peru na Bolivia. Hawa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, hupanda milimani usiku wa manane kwenye baridi kali kukitazama Kilimia hichohicho kikichomoza kabla ya alfajiri. Kikiwa kinang'aa, nyota zote zinaonekana, wanapanda kwa wakati. Kikiwa hafifu, wanachelewesha viazi wiki nne mpaka sita, maana mvua zitachelewa na kuwa haba. Wamefanya hivyo kwa karne kadhaa.

Mwaka 2000 watafiti watatu, mwanaanthropolojia mmoja na wawili wa mambo ya hali ya hewa, walichapisha maelezo yake. Miaka ambayo Pasifiki inaingia El Nino, mawingu membamba ya juu sana, ambayo macho hayayaoni usiku, huongezeka kule milimani mwezi wa Juni. Yanazifunika nyota kidogo kama shela. Na miaka hiyohiyo mvua za Andes, miezi kadhaa baadaye, huwa chache. Wakulima walikuwa wanaipima bahari iliyo mbali kwa kutumia nyota kama taa. Nyota yenyewe haibadiliki. Walichokuwa wanakisoma ni hewa iliyo kati yake na wao.

Nilipomaliza kusoma hapo nilicheka peke yangu ofisini. Mimi na darubini yangu tulikuwa tunaitazama taa. Wale watu walikuwa wanautazama ukungu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo anga limewahi kutawala mvua ya Afrika bila ubishi, lakini subira yake si ya binadamu. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na pamoja na umbo la njia yetu kuzunguka jua, hilo linabadilisha msimu ambao tunakuwa karibu na jua, kwa mzunguko wa zaidi ya miaka 20,000. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, kaskazini ya dunia ilikuwa inapata jua la kiangazi zaidi ya leo kwa asilimia 7 hadi 8. Linganisha na ile 0.1 ya madoa. Sahara ikawa na nyasi na viboko. Ziwa Turkana lilikuwa juu ya kimo cha leo kwa mita 80 hadi 100, likamwagikia upande wa Nile, na wavuvi wakaacha vyusa vyao vya mfupa Lothagam, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo leo ni vumbi na mbuzi. Utabiri wa muda mrefu kweli upo, basi. Tatizo ni kwamba mkulima wake bado hajazaliwa.

*

Kinachotabirika kwa ajili ya mjomba ni bahari, na ni kwa miezi, si miaka. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida yake, na ya upande wa Sumatra, kule Indonesia, yakipoa kuliko kawaida yake, vuli inakuja na fujo. 2019 tofauti hiyo ilikuwa kati ya kubwa kuliko zote zilizopimwa, ndiyo maana mama wa chai alihama. Upande wa Sumatra ukishinda, au Pasifiki ikipoa, tunakauka. Mwaka 2010 Pasifiki ilikuwa imepoa tangu Julai, na wataalamu wa kanda yetu walishalisema hilo kabla vuli haijaanza. Taarifa zilikuwepo. Hazikuwa na mvuto wa jua, zilikuwa na maneno yale yanayochekwa mitandaoni, "wastani hadi chini ya wastani". Nilizipita nikaenda kuhesabu madoa.

Oktoba 2024 mjomba alinipigia mwenyewe. Utabiri wa kanda ulikuwa unaelekeza kwenye ukavu sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na siku chache kabla nilikuwa nimesikia kwenye habari kwamba jua limefika kilele. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto, akanieleza mbuzi mmoja amevunjika mguu.

"Na jua lako," akasema, "mwaka huu lina madoa?"

"Mengi sana, mjomba. Sijawahi kuona mengi hivi."

"Basi yahesabu vizuri," akasema. "Mimi nishapanda mtama."